Barua kwa Mama Zita

Mpendwa Mama Zita,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeipata, na nimefurahi sana kusikia kwamba mtoto hajambo, ananyonya vizuri, na kwamba siku ya ubatizo imekwisha kupangwa. Niliposoma kwamba jina alilochagua bibi yake mzaa baba halijakukaa moyoni, kwa kuwa umeambiwa Mtakatifu Zita alikuwa mtumishi wa ndani tu, nawe ulitamani mwanao apate somo aliyekuwa malkia au mwandishi wa vitabu, niliihuzunikia ile "tu", na hiyo ndiyo iliyonikalisha chini kukuandikia usiku huu.

Zita alizaliwa yapata mwaka 1212 huko Monsagrati, kijiji cha milimani karibu na mji wa Lucca nchini Italia, kwa wazazi maskini waliomcha Mungu. Alipofika umri wa miaka 12 alipelekwa mjini kutumika katika nyumba ya akina Fatinelli, wafanyabiashara matajiri walioishi jirani na kanisa la San Frediano. Humo alikaa miaka 48, mpaka kufa kwake. Hebu fikiri, mpenzi wangu: miaka 48 ya kuamka kabla ya jua, kwenda Misa ya alfajiri wenzake wakiwa bado wamelala, kisha kurudi kukanda unga na kuosha vyombo ambavyo hakuna hata kimoja kilichokuwa chake.

Miaka ya mwanzo ilikuwa michungu. Watumishi wenzake walimchukia kwa bidii yake, wakaona anawaaibisha, na mabwana zake nao walimkaripia na hata kumpiga. Sisemi kwamba kipigo kile kilikuwa halali, wala sidhani Kanisa humheshimu kwa sababu alipigwa. Wapo wanaohubiri hivyo, nami siwakubali. Ninachokiona ni kwamba hakuiacha chuki ya wengine imfundishe kuchukia, na taratibu nyumba nzima ikamgeukia, hata akawekwa kuwa mkuu wa watumishi wote na msimamizi wa mambo ya nyumbani. Ndiyo maana katika picha nyingi utamwona ameshika funguo.

Mapokeo yanasimulia mengi juu yake, lakini linalonigusa kuliko yote ni lile la joho. Mkesha mmoja wa Noeli baridi ilikuwa kali, na bwana wake akamwazima joho lake la manyoya aende nalo kanisani, akimwonya asilipoteze. Mlangoni pa San Frediano akamkuta maskini anatetemeka, akamvika joho lile na kumwomba amrudishie baada ya sala. Alipotoka, mtu hayupo. Zita akarudi nyumbani mikono mitupu, akapokea hasira ya bwana wake, mpaka kesho yake mgeni asiyejulikana alipobisha hodi, akalikabidhi joho na kwenda zake. Watu wa Lucca wakauita mlango ule Mlango wa Malaika. Mimi, hata hivyo, mawazo yangu hubaki kwenye ile njia ya kurudi nyumbani usiku, mtumishi akitembea kwenye baridi huku akijua atakachoulizwa.

Huenda namwelewa kwa sababu ya mama yangu. Alifanya kazi za ndani tangu nikiwa darasa la pili, akirudi kwetu Jumamosi jioni, vidole vimechubuka kwa sabuni, na kabla hajavua kanga ya kichwani alikuwa ameshauliza kama tumekula. Picha ndogo ya Zita aliihifadhi katikati ya kitabu chake cha sala, nayo ilikuwa imechakaa pembe zote kwa kushikwashikwa.

Zita alifariki tarehe 27 Aprili 1272, akiwa na umri wa miaka 60. Watu wa mji wake walimwita mtakatifu papo hapo, ingawa Papa Inosenti wa XII alimtangaza rasmi mwaka 1696, zaidi ya karne nne baadaye. Kaburi lilipofunguliwa mwaka 1580 mwili ulikutwa haujaoza, na hadi leo umelazwa katika jeneza la kioo ndani ya San Frediano, kanisa lile lile alilokuwa akisali. Kila ifikapo sikukuu yake mji hupambwa kwa maua, na watu hupanga foleni kusali mbele yake, akina Fatinelli wakiwa wanakumbukwa kwa sababu tu aliwapikia.

Nitafika Jumamosi kwa basi la asubuhi. Usinunue kitambaa cheupe cha ubatizo, kwani nimekwisha kukishona, na pembeni nimetarizi ufunguo mdogo kwa uzi wa bluu. Mbusu Zita kwa niaba yangu, na umsalimie bibi yake.

Wako katika Kristo,
Rafiki yako wa siku zote