Barua ya malalamiko: balbu za taa za nyuma zinazowaka kinyume

Kangemi,
Nairobi.

Juni 2025

Kwa Meneja,
Duka la Vipuri vya Magari,
Barabara ya Kirinyaga,
Nairobi.

Kwa Bwana au Bibi Meneja,

KUH: BALBU MBILI ZA TAA ZA NYUMA NA KUKATALIWA KUZIRUDISHA

Naandika kulalamikia balbu mbili za taa za nyuma za pikapu nilizouziwa dukani kwenu, pamoja na jinsi nilivyojibiwa nilipozirudisha. Pesa yenyewe ni shilingi 600 kwa zote mbili. Kama zingekuwa zimeungua, ningenunua nyingine kwingine na kunyamaza. Lakini hizi haziungui. Zinawaka, tena vizuri tu kwa macho ya mtu asiyechunguza, na ubaya wake dereva aliye kwenye usukani hawezi kuuona.

Boksi limeandikwa 12V 21/5W. Najua mnaijua biashara hii kuliko mimi, ila nitaeleza kwa kirefu ili barua ikifikia mkubwa wa ofisini asiyesimama kaunta, naye aelewe. Balbu ya aina hii ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja. Uzi mdogo wa wati 5 ni wa taa ya usiku, unawaka muda wote taa zikiwa zimewashwa. Uzi mkubwa wa wati 21 ni wa breki, na mwanga wake ni zaidi ya mara 10 ya ule mdogo. Dereva wa nyuma haoni mguu wako ukikanyaga. Anachokiona ni mwanga mwekundu ulioongezeka ghafla, naye anakanyaga breki yake. Tofauti hiyo ya mwanga ikipotea, hana habari kwamba unasimama mpaka akufikie.

Kwa kuwa nyuzi hizi hazifai kubadilishana kazi, watengenezaji waliweka kinga. Balbu halisi ya 21/5W ina pini mbili ubavuni, na pini moja imekaa juu kidogo kuliko mwenzake. Holda, yaani kishikio ambamo balbu inakaa, nayo imekatwa vivyo hivyo, mfereji mmoja mfupi na mwingine mrefu. Ukiiingiza balbu kinyume, inagoma. Hata mtu anayebadilisha gizani, kwa tochi ya simu, hawezi kuiweka vibaya.

Balbu zenu hazigomi. Pini zake zimewekwa karibu usawa mmoja, na kwenye balbu moja pini inacheza ukiigusa kwa ukucha. Inaingia hivi, inaingia vile, na pande zote mbili inazunguka na kukaa. Ikikaa kinyume, vitone viwili vya risasi vilivyo kwenye kitako vinabadilishana nafasi: umeme wa taa ya usiku unakwenda kwenye uzi wa wati 21, na umeme wa breki unakwenda kwenye uzi wa wati 5.

Nilizifunga mwenyewe nyumbani, kazi ambayo nimeizoea. Nilizima taa na kutoa ufunguo, nikashusha mlango wa nyuma, nikafungua skrubu mbili za ganda la taa kwa bisibisi ya nyota, nikalivuta ganda moja kwa moja kuelekea nyuma bila kulipinda, kwa sababu upande wa pili linashikwa na vishikizo vya plastiki vinavyovunjika upesi. Holda nilizizungusha kushoto zikatoka. Nilisugua kutu ya kijani kwa msasa laini, nikahakikisha waya wa athi, ule unaorudisha umeme kupitia bodi ya gari, umeshika vizuri, kwa maana athi mbovu nayo huzifanya taa za nyuma kuchanganyikiwa, na sikutaka kuilaumu balbu kwa kosa la waya. Kisha nikafunga balbu mpya na kumwomba mama watoto akae kwenye usukani akanyage breki huku mimi nimesimama nyuma.

Taa zikiwa zimezimwa, upande wa kushoto breki iliwaka kama inavyotakiwa. Upande wa kulia ilitoa mwanga hafifu ambao jua la mchana lingeumeza wote. Tulipowasha taa za usiku, upande wa kulia uling'aa kana kwamba breki imekanyagwa muda wote, na ilipokanyagwa kweli sikuona mabadiliko yoyote. Nilitoa balbu ya kulia, nikaigeuza, ikaingia tena bila kizuizi na ikawaka sawasawa. Nikaitoa ya kushoto na kuigeuza: sasa ikawa hiyo ndiyo inayowaka kinyume. Nikarudisha balbu ya zamani ambayo bado ilikuwa na uzi mmoja mzima. Hiyo ilikubali kuingia upande mmoja tu. Basi holda zangu ni nzima, na waya ni mzima.

Mjue pia suala la joto. Ganda la taa limetengenezwa likijua kwamba uzi utakaowaka muda wote ni ule mdogo, na kwamba wa wati 21 utawaka kwa vipindi vya breki tu. Balbu zote mbili zikikaa kinyume, zinavuta takriban ampea 3.5 mfululizo mahali ambapo zingevuta chini ya ampea 1. Fyuzi huenda isikatike, lakini plastiki itapata joto ambalo haikutengenezewa, na ganda zima la taa bei yake mnaijua wenyewe.

Pikapu hii hubeba kabichi na viazi kutoka Kinangop hadi soko la Marikiti, Nairobi. Hupita Soko Mjinga, ikashuka Kimende na Uplands kabla hakujapambazuka, na miezi hii ya baridi ukungu wa huko unaweza kukufichia hata gari lililo mbele yako. Nyuma yake kuna malori yenye mizigo mizito yanayoteremka kuelekea Nairobi. Dereva wa lori katika ukungu huo anaongozwa na taa zetu mbili nyekundu tu. Anayeendesha pikapu yangu usiku ni mdogo wangu. Nikiwaza kwamba angeteremka mteremko ule akiwa na taa ambayo haimwambii mtu chochote, nashindwa kuelewa mtu anawezaje kuniambia, "Lakini si inawaka, mzee?"

Maneno hayo ndiyo niliyoambiwa kaunta. Nilikuja na balbu, boksi na risiti, nikaomba tu kijana wenu aitie kwenye holda yoyote aone inavyoingia pande zote mbili. Alikataa hata kuishika. Alininyooshea kidole kibao cha ukutani kinachosema bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kisha akanishauri niongeze pesa nichukue za LED. Sikuja kununua LED. Na kilichonisikitisha kuliko majibu yote ni kwamba, nikiwa bado naeleza, dereva mmoja wa gari la maziwa aliomba balbu za 21/5W, akapewa kutoka boksi lile lile, akalipa na kuondoka. Kijana aliyasikia yote niliyosema, na bado akauza.

Simtaki kijana huyo afukuzwe kazi. Anauza alichokuta kwenye rafu, na kibao hakukiandika yeye. Aliyeagiza mzigo ndiye anayepaswa kunijibu.

Kuhusu kibao hicho, kibao cha duka hakiwezi kuwa juu ya Katiba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata maelezo anayohitaji ili anufaike nazo, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara au majeraha yanayotokana na kasoro za bidhaa. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012. Nilikagua boksi pande zote sikuona stika ya KEBS (shirika la viwango vya ubora wa bidhaa la Kenya) inayobandikwa bidhaa zinazoingizwa nchini, wala kwenye kitako cha balbu hakuna alama yoyote ya ubora, jina la kiwanda wala nchi ilikotengenezwa. Ni maandishi ya 12V 21/5W peke yake, tena yanafutika kwa kidole.

Naomba mnirudishie shilingi 600, lakini hilo ni dogo kwangu. Kubwa ni kwamba mzigo huo wote uondolewe kwenye rafu leo, kabla ya mwingine kuuziwa, na mbandike tangazo hapo hapo kaunta likiwaambia waliozinunua waje na balbu zao. Wengi wao hawana habari. Mtu huweka balbu, akaona nyekundu inawaka, akafunga skrubu na kwenda zake, na hana sababu ya kushuku, maana aliamini boksi. Wekeni pia holda moja na betri ya volti 12 juu ya kaunta ili kila anayenunua ajaribiwe balbu yake mbele ya macho yake, nyuzi zote mbili, pamoja na kugeuzwa kuona kama inagoma. Ni kazi ya dakika moja, na maduka mengine ya mtaa huo huo hufanya hivyo bila kuombwa. Nataka pia kujua mzigo huu mliununua kwa nani, kwa kuwa sidhani mko peke yenu mliouziwa.

Mkinijibu kwa maandishi ndani ya siku 14, tutalimaliza kati yetu. Mkinyamaza, nitapeleka malalamiko haya KEBS na kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, nikiwa na balbu, boksi na risiti.

Nimeambatisha balbu moja na nakala ya risiti. Balbu ya pili na boksi lake nimebaki nazo mimi. Hiyo mliyopata itieni kwenye holda, kwanza upande mmoja, kisha igeuzeni.

Wenu,
Mteja, mwenye pikapu ya mboga,
Kangemi.