Barua ya malalamiko: Niliwaambia Feltre, mkaenda Feletto

Nakuru

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

KUH: CHETI CHA MTU ASIYE BABU YANGU

Bwana/Bibi,

Mwezi wa Februari niliwalipa shilingi 48,000 mnitafutie cheti cha kuzaliwa cha babu yangu mzaa mama, na jamaa zake waliobaki Italia kama wapo. Wiki iliyopita mlinitumia faili iliyoandikwa "kazi imekamilika". Kwa kweli hata haijaanza.

Niwakumbushe nilichowapa. Babu alikuwa mateka wa vita, mmoja wa Waitaliano walioshikwa Ethiopia mwaka 1941 wakaletwa Kenya. Alikuwa kwenye kazi ya barabara ya kuteremkia Bonde la Ufa, pale mateka walipojenga lile kanisa dogo la Mai Mahiu mwaka 1942. Mama alizaliwa mwishoni mwa 1946, babu ameshapandishwa meli kurudi kwao. Nyanya hakupenda kuulizwa habari zake. Alichotuachia ni picha moja, na nyuma yake kwa penseli kuna jina, mwaka wa kuzaliwa 1915, na neno Feltre. Maandishi yamefifia, lakini hata mama mwenye mtoto wa jicho anaisoma hiyo "tr". Niliwatumia picha hiyo pande zote mbili.

Feltre ni Veneto, mkoa wa Belluno, kaskazini-mashariki mwa Italia. Ninyi mmeenda Feletto, karibu na Torino, magharibi kabisa, mkaokota mtu aliyezaliwa 1879 mwenye jina la ukoo kama la babu. Mwaka 1942 mtu huyo alikuwa anakaribia miaka 63. Shaibu anapasua mawe Mai Mahiu! Nani aliikagua kazi hii kabla ya kunitumia?

Halafu ukurasa huo wa rejista mlionitoza pesa nimeukuta mwenyewe kwenye Antenati, tovuti ya hifadhi za nyaraka za serikali ya Italia. Kuutazama ni bure.

Hayo ningeyameza. Lililonichoma ni lile la "jamaa". Mlinipa anwani ya familia moja ya huko Torino mkasema ni damu yetu. Mama alikaa siku mbili akiniambia cha kuandika, nami nikatafuta mtu wa kututafsiria. Walijibu kwa upole kwamba mzee wao hakuwahi kwenda Afrika. Mama aliikunja barua hiyo akaiweka ndani ya Biblia, na tangu hapo hajalitaja jambo hili.

Nataka mambo mawili, ndani ya siku 14. Kwanza, mliondoe jina la mama na picha yake kwenye mti wa ukoo wa watu wa Feletto, na mwaandikie watu hao kuwaomba radhi, kwa maana kosa ni lenu. Pili, mnirudishie pesa zote, au mwifanye kazi upya kama inavyostahili: muiandikie ofisi ya uandikishaji ya manispaa ya Feltre kuomba dondoo ya cheti yenye majina ya baba na mama, kisha mtafute daftari la askari waliozaliwa 1915 kwenye hifadhi ya nyaraka ya Belluno. Mkichagua hili la pili, sitalipa hata senti ya ziada.

Naambatisha picha tena. Safari hii, kwenye nakala, nimeizungushia "tr" kalamu nyekundu.

Wenu,
Mteja wenu wa Nakuru