Mwanangu, kuhusu huyo John Sevier

Mwanangu kipenzi,

Umeniuliza John Sevier ni nani maana hapo Knoxville unapita kaburi lake pale kwenye mahakama ya zamani, na darasani mmeambiwa tu ni gavana wa kwanza wa jimbo la Tennessee, Marekani, basi. Ngoja nikueleze.

Alizaliwa Virginia 1745 akaja kuhamia ng'ambo ya milima ya Appalachia, kule serikali haifiki, ukiwa na bunduki we ndo mgambo. 1780, kwenye vita ya uhuru wa Marekani, Meja Ferguson wa upande wa mfalme wa Uingereza akawatumia walowezi wa huko salamu kwamba atavuka milima awanyonge viongozi wao na kuchoma makazi yao. Hawakumsubiri. Wakakusanyika Sycamore Shoals mwezi wa tisa, wakapanda milima na theluji iko juu huko, tarehe 7 Oktoba wakamzunguka pale Kings Mountain, kama saa moja hivi vita imeisha na Ferguson amekufa. Hapo ndo jina la Sevier likapaa.

Baadaye wakajianzishia jimbo lao, Franklin, yeye ndo gavana, kodi unalipa hata kwa ngozi za wanyama maana hela hamna. Congress, yaani bunge la Marekani, ikapiga kura 1785 kama lipokelewe, majimbo 7 yakakubali ila yalitakiwa 9, ombi likafa hivo.

Sasa hili usiliruke mwanangu. Ile ardhi ilikuwa ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa huko. 1788 familia ya Kirk, walowezi, iliuawa na Wacherokee, mgambo wa Sevier wakaingia vijijini, na afisa wake akamwita Old Tassel, chifu aliyekuwa akiomba amani miaka na miaka, mzee akaja chini ya bendera nyeupe, wakamweka ndani ya nyumba na wenzake, kijana wa Kirk akaingia na shoka akawaua wote. Sevier hakuwepo dakika ile, lakini askari ni wake na kijana hakuadhibiwa. Inaniuma sana hii. Na alimiliki watumwa pia, watu weusi kama sisi.

Mwaka uleule North Carolina, jimbo ambalo Franklin ilijitenga nalo, wakamkamata, kosa uhaini wa lile jimbo la Franklin, wala sio damu ya Old Tassel! 1796 akawa gavana wa Tennessee, mihula 6, akaenda Congress, akafa 1815 huko Alabama akiwa kwenye kazi ya kupima mpaka wa ardhi waliyonyang'anywa Wacreek, wenyeji wengine wa asili.

Kwenye insha yako mtaje Old Tassel kwa jina lake, usiandike "Wahindi Wekundu" tu, halafu niambie mwalimu kasemaje.

Baba yako