Barua kwa mwanangu: barua yako ikae kwako

Mwanangu,

Marahaba, salamu zako nimezipata. Mama yako ameisoma ile picha ya barua yako ya ajira mara tatu, na kila akifika kwenye "masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni" anapiga kigelegele na kusema umeshatoka. Mwache afurahi.

Hujatoka bado, mama. Utumishi wa umma hapa Tanzania una miezi 12 ya majaribio, na kuthibitishwa kazini hakuji kwenyewe kama masika. Ukifikisha miezi kumi kazini, anza kuulizia kwa afisa utumishi. Mimi bosi wangu alinipa mkono, tukanywa chai, nikaambiwa barua "ipo kwenye faili". Nilipokaribia kustaafu, faili likafunguliwa masjala: ombi langu la likizo ya mwaka 1991 lilikuwemo, limeliwa pembeni na mende. Barua ya kuthibitishwa haimo. Nilipanda basi mara nne kwa karatasi moja, kiinua mgongo kikinisubiri.

Ukishathibitishwa, hakuna mkuu wa idara wa kukufukuza kwa sababu kaamka vibaya. Anayeweza ni mamlaka yako ya nidhamu, yaani yule aliyepewa na sheria madaraka ya kukuadhibu, tena baada ya kukupa hati ya mashtaka, kusoma utetezi wako na kufanya uchunguzi. Usiporidhika, una siku 45 za kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma.

Ila utoro wa zaidi ya siku 5 tu unatosha kukuondoa. Ukiuguliwa, andika na usubiri jibu la maandishi. Ujumbe wa WhatsApp kwa bosi si ruhusa, hata akikujibu "pole sana".

Unakumbuka mwaka 2017, watumishi 9,932 walivyotajwa kwa vyeti vya kughushi? Hao sina la kuwatetea. Walioniuma ni wale wa darasa la saba, walioondolewa katika uhakiki wa vyeti ingawa vyeti vyao vilikuwa halali. Mwaka 2018 serikali ikaamuru walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe, kwa kuwa sharti la kidato cha nne lilianza siku hiyo. Tarehe kwenye barua ya ajira ndiyo iliyowarudisha kazini.

Nimempa konda wa basi la kesho faili la plastiki, la bluu. Weka humo nakala ya barua ya ajira na fomu uliyojaza siku ya kuripoti. Hiyo fomu iangalie kama imegongwa muhuri. Kama haina, Jumatatu rudi nayo dirishani.

Baba yako