Wimbo Uliotoka Dukani kwa Fundi

Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mama na watoto wote. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, na gauni la bintiyo limekamilika isipokuwa vifungo vya mgongoni, ambavyo nitavishona kesho asubuhi nikiwa na mwanga wa kutosha, kisha nitalikabidhi kwa basi la Mombasa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema ulijaribu kuitazama ile filamu ya Maytime niliyokupa ulipokuja Idi, ukaizima kabla haijafika nusu, kwa kuwa hukuweza kustahimili kuona watu wazima wakiacha mazungumzo yao ghafla na kuanza kuimba kana kwamba wamepandwa na pepo. Sikulaumu. Lakini mimi na wewe hatujawahi kufichana tusipokubaliana, kwa hiyo niruhusu nikueleze ninachokiona katika filamu hizi za opereta za Hollywood, maana uliizima ile hadithi kabla ya mahali ambapo wewe hasa, uliyekulia mbele ya jukwaa la taarabu, ungeshindwa kukaa kitini.

Ukizitazama filamu hizi huku ukisubiri maneno yaisukume hadithi mbele, utachoka upesi, kwa sababu maneno humo ni kama uzi wa bandi: yanaishikiza nguo kwa muda tu, na mshono wenyewe unaobeba uzito hupigwa na wimbo. Mtu anapoimba humo, hajaiacha hadithi akaenda kando kutumbuiza. Ndiyo kwanza anaingia ndani ya jambo lililomshinda kulisema.

Opereta ilikuwa starehe ya majumba ya michezo ya Paris na Vienna kabla haijavuka bahari kwenda New York, nayo ni hadithi nyepesi ya mapenzi yenye mazungumzo ya kawaida na nyimbo zinazodai sauti iliyofundishwa. Filamu zilipoanza kusikika mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni za Hollywood zilihitaji watu wanaojua kuimba na hadithi zenye sababu ya kuimba, na opereta ilikuwa na vyote viwili. Mwaka 1929 Ernst Lubitsch, mzaliwa wa Berlin aliyekwisha kujipatia jina katika filamu zisizo na sauti, alitoa The Love Parade, akamweka Mfaransa Maurice Chevalier pamoja na Jeanette MacDonald, binti wa Philadelphia aliyetoka kwenye majukwaa ya Broadway na ambaye hakuwa ameonekana katika filamu nyingine kabla ya hapo. Mwaka uliofuata, katika Monte Carlo, alimpandisha huyo MacDonald kwenye treni akiikimbia harusi yake. Magurudumu na king'ora cha treni vikashika mdundo, na alipofungua dirisha akaimba, wakulima mashambani wakamwitikia kwa mikono na kwa sauti. Jukwaa lisingeweza kulifanya jambo hilo hata lingejengwa kubwa namna gani. Tangu siku ile wimbo wa opereta ulipata miguu.

Sasa nikupeleke kwenye filamu ninayoipenda kuliko zote, na utaona kwa nini fundi cherehani kama mimi amenaswa nayo. Inaitwa Love Me Tonight, ni ya mwaka 1932, iliongozwa na Rouben Mamoulian, na nyimbo zake zilitungwa na Richard Rodgers na Lorenz Hart. Inaanza alfajiri mjini Paris, wakati hakuna mtu barabarani. Kengele inalia. Mtu mmoja anaanza kuipiga barabara kwa sururu, mwingine anakoroma, mwanamke anafagia, mafundi viatu wanagongea misumari, mabomba ya moshi yanaanza kutoa moshi, na kila sauti inayoongezeka inaingia mahali pake mpaka mtaa mzima unakuwa ngoma moja. Nami kila nikiitazama nasikia mtaa wetu saa kumi na mbili za asubuhi, kinu cha jirani, ufagio wa chelewa uani na cherehani yangu ya miguu, na nashangaa kwamba kwa miaka yote hii sikuwahi kuusikia kuwa ni muziki.

Chevalier ndiye fundi. Yumo dukani mwake, mteja anajaribu suti ya harusi yake, na fundi kwa kufurahia kazi iliyokaa vizuri mwilini anaanza kuimba juu ya mapenzi. Mteja anatoka na wimbo mdomoni. Dereva wa teksi anaudaka. Abiria wa teksi ile ni mtunzi wa muziki, anauandika, na akiwa ndani ya treni anauimba mbele ya wanajeshi. Wanajeshi wanauchukua hadi mashambani wakiwa katika mwendo wa gwaride. Kijana mpiga fidla anausikia njiani na kuukimbiza kwao kambini, na huko unapigwa usiku karibu na moto. Juu ya roshani ya kasri amesimama binti wa kifalme, mpweke, naye ni MacDonald. Anausikia ukiletwa na upepo wa usiku, anaumalizia. Hawajaonana hata mara moja, wala hakuna anayejua kwamba mwingine yupo duniani, lakini wameshaimba pamoja. Watu chungu nzima wameupokezana wimbo ule, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua amebeba barua ya nani kwenda kwa nani.

Fundi anafika katika kasri ile kudai fedha za nguo alizomshonea bwana mmoja wa ukoo huo asiyelipa madeni, na bwana huyo kwa aibu anamtambulisha kuwa ni baroni, yaani mtu wa tabaka la juu. Wanapendana, yeye na binti. Kisha linakuja tukio ambalo sisi wa mkasi na futi tunalielewa kuliko wengine wote: binti anashonewa vazi la kupandia farasi, limekatwa vibaya, na huyo anayedhaniwa kuwa baroni hawezi kuvumilia. Jicho lake linaona bega lilivyokaa, na mikono inamwasha. Analifumua, analishona upya, na vazi linapokaa mwilini kama lilizaliwa naye, ndipo siri inapofichuka, kwa sababu hakuna baroni anayeweza kuupiga mkato ule. Kazi nzuri ndiyo iliyomsaliti, shoga yangu. Nililia hapo, na sioni haya kukuambia.

Tazama tena jinsi wimbo unavyotumika baada ya hapo. Habari kwamba mgeni ni fundi tu inaenea ndani ya kasri kwa wimbo, ukitoka kinywa hadi kinywa, kutoka kwa mwenye nyumba hadi kwa mfua nguo, kama ule wa kwanza ulivyotoka Paris. Ila ule ulisafiri kwa furaha na huu unasafiri kwa dharau, na hata watumishi, ambao nao ni watu wa kazi za mikono, wanaona wametiwa aibu kwa kumhudumia. Fundi anaondoka kwa treni. Binti anapanda farasi, anaikimbiza treni ile, anaipita, anashuka na kusimama katikati ya reli. Filamu hii ilipotolewa upya miaka ya baadaye, wakati sheria za maadili za Hollywood zilipokuwa zimekazwa, ilikatwa vipande, na vipande hivyo havijapatikana hadi leo. Naumia nikikumbuka hilo, kwani kitambaa kilichokwisha kukatwa na kutupwa hakirudi.

Nitapita upesi kwenye The Merry Widow ya mwaka 1934, ambayo Lubitsch aliitengeneza kutokana na opereta ya Franz Lehár iliyoonyeshwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1905, lakini siwezi kupita bila kukuonyesha kabati. MacDonald hapo ni mjane tajiri. Kabati lake ni jeusi tupu: magauni, kofia, viatu, hata nguo za ndani, na mbwa wake naye ni mweusi. Siku anapoamua kwamba huzuni imetosha, tunayaona magauni yale yale, kofia zile zile, viatu vile vile, vyote vimekuwa vyeupe, na mbwa naye mweupe. Sisi tuliokaa na mama zetu katika eda na kuwasindikiza walipotoka, tunaijua ile asubuhi. Halafu tazama waltzi ya mwisho, wachezaji wengi mno wakizunguka kwa nguo nyeusi na nyeupe hadi macho yasijue yashike lipi. Filamu hiyo ilipata Oscar ya usanifu wa mandhari, na kwa haki.

Kutoka hapo kampuni ya filamu ya MGM ilimpatia MacDonald mwenzake mpya, Nelson Eddy, baritoni, yaani mwanamume mwenye sauti ya kati, mzaliwa wa Providence aliyekuwa ameimba opera Philadelphia. Ya kwanza kati ya filamu zao nane ilikuwa Naughty Marietta, mwaka 1935, juu ya binti wa ukoo wa kifalme wa Ufaransa anayekwepa kuozwa kwa nguvu kwa kujificha miongoni mwa wanawali waliopelekwa Louisiana kuolewa na walowezi. Watu husema Eddy ni mkavu kama gogo, na kwa uigizaji wa maneno sibishi. Lakini anapoimba, ule utulivu wake unageuka kuwa heshima. Anasimama kando, hamwingilii mwenzake, anaiacha sauti yake iwe ukuta ambao sauti ya MacDonald inapanda kama jasmini. Kwa upande wa Rose-Marie ya mwaka 1936 nina neno. Milima na ziwa ni vya kupendeza, na wimbo wao wa kuitana msituni naupenda sana, lakini wenyeji asilia wa nchi ile wamefanywa mapambo ya ngoma na manyoya tu. Sehemu hiyo sikufichi kwamba inanikera kila mara.

Ndipo tunarudi kwenye Maytime, ya mwaka 1937, ile uliyoizima. Ilianza kupigwa kwa rangi chini ya usimamizi wa Irving Thalberg, mtayarishaji wa filamu wa MGM, lakini Thalberg alifariki Septemba 1936 akiwa na umri wa miaka 37, kazi ikasimamishwa, na ilipoanza upya iliongozwa na Robert Z. Leonard kwa nyeusi na nyeupe. Wewe ulifika, nadhani, pale mwanamke mzee anapomsimulia msichana jirani yake ujana wake. Alikuwa mwimbaji jijini Paris; alimkubalia mwalimu wake, Nicolai, kwamba ataolewa naye, kwa shukrani tu, na usiku ule ule akakutana na kijana maskini aitwaye Paul. Wanaimba pamoja kwenye sherehe za siku ya kwanza ya Mei, miti ikiwa na maua, kisha wanaachana kwa sababu ahadi ni ahadi.

Sasa sikiliza ulichokikosa. Miaka 7 inapita. Yeye ni nyota, Nicolai ni mumewe, na anakutanishwa na Paul jukwaani New York, katika opera ambayo haipo popote duniani: mwanamuziki Herbert Stothart aliishona kwa ajili ya filamu kutokana na simfonia ya tano ya mtunzi Mrusi Tchaikovsky, nayo inaimbwa kwa Kifaransa. Mbele ya watu wote wale, kila mmoja akiwa katika vazi la mhusika wake, wanaimbiana maneno ya wahusika, na kila neno ni lao wenyewe. Watazamaji wa ukumbini wanadhani wanaona mchezo. Nicolai, ambaye anaigizwa na John Barrymore, anatazama, na uso wake unabadilika kidogo kidogo kwa sababu yeye peke yake ameelewa.

Shoga, hilo si fumbo? Mara ngapi tumekaa ukumbini, mwimbaji akaimba juu ya ua au paka au mashua, halafu mwanamke mmoja akainuka taratibu na noti mkononi kwenda kumtunza, na kabla hajafika jukwaani ukumbi mzima ukajua wimbo umempata nani na yule aliyekaa pembeni ameinamisha uso kwa nini? Wewe mwenyewe ndiwe uliyenifundisha, tukiwa wasichana, kwamba nisiwaangalie waimbaji bali niwaangalie waliokaa. Basi fanya vivyo hivyo hapa, mwangalie Barrymore.

Usiku ule Nicolai anampiga Paul risasi. Na mwishoni, mwanamke mzee akiisha kusimulia, anakaa kwenye kiti chake bustanini, roho yake inaondoka kimya, na yule msichana aliyekuwa zamani anainuka kutoka mwilini, anakwenda kumlaki Paul chini ya miti, maua yakiwadondokea, na wimbo ni ule ule wa sherehe za Mei.

Nimekuwekea Love Me Tonight kwenye flashi, nimeifunga kwa kitambaa kilichobaki na kuisokomeza katika mfuko wa gauni, upande wa kulia, usije ukalifua kabla hujaitoa. Anza na hiyo, uitazame pamoja na bintiyo akiwa amelivaa gauni, unieleze kama bega la kushoto limekaa sawa, maana nililirudia mara mbili. Ukimaliza, iendeleze Maytime pale pale ulipoiachia, halafu uniandikie.

Nisalimie wote nyumbani.

Akupendaye,
shoga yako wa Tanga