Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka joka

Mpwa wangu,

Orodha yako ya jeshi la sanamu ndogo kwa mchezo wetu wa vita wa mezani imenifikia. Joka moja, wapanda farasi kumi na wawili, mchawi anayebebwa na majitu kwenye kiti cha enzi, halafu chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka chumvi mlangoni, umeandika "na askari wa kawaida kidogo". Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako. Vijana wanaokuja kututazama tukicheza Jumapili kule Umoja, Nairobi, huondoka na orodha za namna hiyo hiyo, na huo mstari wako wa mwisho ndio nina neno nao.

Sisi tunacheza mchezo uitwao Age of Fantasy, wa kampuni ya OnePageRules. Kanuni zake za msingi hupakuliwa bure, kwa hiyo kila mtu anazo kwenye simu. Wewe unasogeza kikosi kimoja, mwenzako anasogeza chake, mnapokezana hivyo kwa raundi 4. Mwishoni hakuna anayehesabu maiti. Tunaangalia nani ameshika zile alama zilizotawanywa mezani, na alama unaishika ukiwa na kikosi ndani ya inchi 3 huku adui hayupo karibu. Alama huwa 3 hadi 5. Joka lako ni moja, na kwenye jeshi dogo la pointi 750 (pointi ndizo bei ya kila kikosi mchezoni) litameza sehemu kubwa ya pointi zako. Litaunguza kikosi huku, na kule kwingine kote mwenzako atakuwa ameketi raha mustarehe.

Utasema basi uchukue majitu matupu. Ni machache, unayapaka rangi upesi, yanatisha. Hebu tupige hesabu ya dadu. Tuseme goblini 12, wale viumbe wadogo waoga, wanavamia majitu 3, kila goblini na pigo lake moja, na linafika kwa 5 au 6 tu. Dadu 12 zitakupa mapigo 4 hivi. Majitu yanajikinga kwa 4 kwenda juu, nusu inazuiwa, yanabaki majeraha 2, na jitu linalohitaji majeraha 3 ndipo lianguke bado limesimama linakutazama. Sasa majitu yanajibu, mapigo 3 kila moja, yanafika kwa 4 kwenda juu: dadu 9, mapigo 4 au 5, goblini wanazuia theluthi, wanaanguka 3. Wamebaki 9, si haba, lakini wameshindwa pambano, kwa hiyo wanapimwa moyo. Na moyo wa goblini unaujua. Wakifeli wanatikisika, na kikosi kilichotikisika hakishiki alama hata kikiwa kimeikalia.

Kwa hiyo majitu yanashinda kila ugomvi. Shida ni kwamba hayatoshi kwenda kila mahali. Goblini wanatosha ila hawakai. Wewe unahitaji askari wengi kiasi, wanaokaa, na usichoke kuwapaka.

Chukua jeshi la wafu. Askari wa mifupa 20 waendao kwa miguu katika vikosi viwili, wapanda farasi 5, mchawi mmoja. Kwenye kanuni zetu wafu hawatikisiki kama wengine. Moyo ukifeli wanamomonyoka, baadhi wanaanguka, na waliobaki wanaendelea kushikilia pale pale. Kwa mgeni hilo ni zawadi. Utapoteza askari lakini hutapoteza mpango wako wote kwa dadu moja mbaya.

Halafu kuna rangi. Mfupa hauhitaji uso, macho wala ngozi. Puliza rangi ya kahawia au nyeusi ya msingi, pitisha rangi ya mfupa kwa brashi iliyokaushwa kwenye kitambaa ili ishike kwenye kingo tu, kisha rangi ya kahawia iliyozimuliwa iingie mashimoni. Upanga kijivu, ngao rangi moja, umemaliza. Kupulizia usifanye siku ya mvua. Unyevu wa masika hugeuza vanishi ikawa na ukungu mweupe, na kuufuta ni kazi. Na rangi za kopo za magari, jaribu kwanza kwenye kipande cha ile fremu ya plastiki sanamu zinamokatwa; nyingine huila plastiki.

Sababu yangu ya mwisho watu huicheka, lakini wewe unaishi Rongai. Jeshi lako litapanda matatu, litashuka Railways, livuke mji, lipande nyingine. Litakuwa mapajani mwako, spika chini ya kiti, makanga akikuambia usonge. Mabawa ya joka hayana kinga dhidi ya safari hiyo. Mfupa ukivunjika mkuki unabaki mfupa uliovunjika mkuki. Wafu ndio jeshi pekee ninalolijua linalopendeza zaidi kadiri linavyochakaa. Bandika sumaku ndogo chini ya vitako vya sanamu, uwasimamishe ndani ya mkebe wa biskuti wa bati. Hawatayumba hata dereva akiruka matuta.

Kuhusu kununua: ukiagiza kutoka nje, nauli ya mzigo na VAT ya asilimia 16 uzihesabu kabla hujalipa. Ukichapisha kwa printa ya 3D hapa mjini, waulize kama rezini, ile plastiki ya majimaji inayochapiwa, imeoshwa na kukaushwa kwa mwanga wa UV. Ikinata kidoleni, irudishe, na usiishike bila glavu. Meza usiumize kichwa nayo. Plywood huuzwa futi 8 kwa 4. Ikate katikati Gikomba kwenye mbao, una uwanja wa futi 4 kwa 4 na kipande kimoja unakiuza au unanipa mimi.

Kitu kingine, mifupa hiyo haitafungwa kwenye mchezo mmoja. Kings of War ya Mantic huhesabu majeraha ya kikosi kizima, kisha hutupwa dadu mbili kuona kama kimevunjika. Sanamu haziondolewi moja moja, kwa hiyo hata kikosi chenye sanamu pungufu kidogo kinacheza.

Mchawi mfanye utakavyo. Si lazima awe na kofia ndefu ya Ulaya. Mimi ningemvika kanzu na kilemba, au nimpe upinde niseme ni Fumo Liongo amerudi, na adui atafute huo msumari wa shaba.

Mama yako akiuliza kwa nini kijana wa chuo ananunua vidoli, mwambie mjomba ndiye aliyekutuma, dada yangu nitamalizana naye. Joka tutaliongea mifupa yote ikishapakwa. Njoo na vikosi viwili vya miguu tu Jumapili yoyote. Nitakuazima mchawi na nitapunguza jeshi langu tulingane pointi.

Mjomba wako