Hizo Pedi za Breki Badilisha Kabla Hujapanda Lushoto

Mwanangu,

Nimeurudia ujumbe wako wa sauti. Unasema gari lako, hiyo Noah, inalia ukikanyaga breki, ila itavumilia mpaka mrudi Dar. Hapana, baba. Isivumilie.

Mlio huo si vumbi. Pedi nyingi zina kibati kilichowekwa makusudi kikwaruze diski, kile chuma cha duara kinachobanwa na pedi, ujue zimekwisha. Pedi mpya ina unene wa milimita 10 hivi. Zikibaki 3 inatolewa, hakuna mjadala. Na wewe unapakia watoto na mama mkwe wako.

Kupanda hakunitishi. Nawaza siku ya kushuka. Kutoka hapa Lushoto hadi Mombo, kule chini ya mlima, ni zaidi ya kilomita 30, kona juu ya kona, na gari limejaa viazi na plamu. Ukikanyaga mfululizo, pedi zinapata moto, na mafuta ya breki yaliyozeeka yameshanyonya maji, yanachemka. Hapo pedali inazama hadi chini. Weka gia ya 2 au L, injini ikushikie gari.

Najua utakimbilia Kariakoo. Nenda, lakini usiombe "pedi za Noah" tu, Noah ziko za aina nyingi. Mpe muuzaji namba ya chesisi iliyo kwenye kadi, au fungua ya zamani uende nayo mlinganishe bamba kwa bamba, kile chuma cha mgongoni mwa pedi. Boksi usiliamini, hata feki linachapwa vizuri. Tazama pedi yenyewe: isiwe na ufa pale iliposhikana na bamba, na kingo zisimomonyoke ukizikwaruza kwa kucha. Za seramiki ni kimya na hazichafui rimu, kwa foleni za mjini zinafaa. Kwa mlima huu mimi ningechukua zenye chuma, zinahimili moto zaidi, hata kama zinakula diski kidogo.

Abadilishe kulia na kushoto kwa pamoja. Fundi akikwambia upande mmoja bado mzima, mkatalie. Apime diski, asafishe pini za kalipa, kile kibano cha pedi, amwage mafuta ya breki ya zamani aweke mapya. Vumbi la pedi asilipulize kwa upepo, na watoto wasisogee. Na usisubiri usiku wa kuamkia safari. Pedi mpya zinataka kilomita 200 au 300 za breki za taratibu zizoeane na diski.

Mkeo aliniambia hamwondoki nyumbani mpaka kila mtoto amefungwa mkanda. Nilifurahi, nikawasimulia hadi wazee wenzangu msikitini. Sasa wewe, mtu wa namna hiyo, unabanaje hela ya pedi, na simu mpya umenunua? Mama yako anasema kuahirisha mambo umerithi kwangu. Sikumbishia.

Huku mvua zimezidi, ukuta wa jiko umelowa, lakini bati tumeshapigilia. Mama yako anaomba ile dawa ya kuchua goti, dukani hapa imekwisha. Mchele usinunue, tunao wa Mombo wa kutosha. Mkubwa aje na sweta, usiku ni baridi kweli.

Lakini pedi kwanza. Usiniambie "nitaangalia". Fundi akishafunga, nitumie picha ya zile za zamani, nione zilibaki kiasi gani.

Ni mimi, baba yako.